Joseph Manton

Joseph Manton (1766 – 29 Juni 1835) alikuwa fundi wa bunduki kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa bunduki za mitutu miwili za kuwindia ndege, ambazo karakana yake ilizitengeneza mjini London tangu mwisho wa karne ya 18 hadi miaka ya 1830. Anahesabiwa miongoni mwa mafundi walioipa bunduki ya aina hiyo umbo linalotambulika hadi leo: nyepesi, yenye mizani nzuri mkononi na isiyo na mapambo mengi.

Manton alipata sifa kubwa na wateja matajiri, lakini alitumia fedha nyingi kwa majaribio na kwa kesi za hataza. Mwaka 1826 alitangazwa kuwa amefilisika. Baadhi ya mafundi waliopitia katika karakana yake, kama James Purdey na Thomas Boss, walianzisha makampuni ambayo majina yake bado yanajulikana.

## Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Grantham, Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Kaka yake mkubwa, John Manton (1752–1834), alitangulia kuingia katika kazi ya bunduki. John alihamia London, akafanya kazi kwa John Twigg, mmoja wa mafundi wakubwa wa wakati ule, na mwaka 1781 akafungua duka lake katika mtaa wa Dover Street.

Joseph alifuata njia hiyohiyo. Baada ya kujifunza ufundi alifanya kazi pamoja na kaka yake, kisha karibu na mwaka 1790 akaanza kujitegemea. Duka na karakana yake vilikuwa Davies Street, karibu na Berkeley Square, mtaa wa watu wenye mali. Kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini ndugu hao wawili walikuwa washindani katika biashara moja, ndani ya mji mmoja, wakiuza kwa wateja wa tabaka lilelile.

## Bunduki ya kuwindia kabla ya Manton

Katika karne ya 18 bunduki zilijazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Mwindaji alimimina baruti, akaishindilia kwa mdeki, akaweka marisaa, yaani vipande vidogo vya risasi, kisha akashindilia tena. Moto ulitokana na jiwe la gumegume. Kifyatuo kilipovutwa, nyundo iliyoshika jiwe ilipiga bamba la chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyokuwa katika kisahani cha nje, na ndimi za moto zikapita katika tundu dogo hadi kwenye baruti iliyo ndani ya mtutu.

Mfululizo huo ulichukua muda. Kwa mtu anayelenga shabaha isiyosogea, kuchelewa kidogo si tatizo kubwa. Kwa mtu anayepiga ndege anayeruka, ni tatizo. Ndege anayeruka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa husogea zaidi ya mita 1.5 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo ubora wa bunduki ya kuwindia ulitegemea kwanza kasi ya moto wake.

Mitutu ya zamani ilikuwa mirefu, mara nyingi ikifikia mita moja au zaidi, kwa sababu baruti iliungua polepole. Mwaka 1787 Henry Nock wa London alipata hataza ya kitako cha mtutu chenye chumba kidogo ndani yake, ambacho kiliwezesha baruti kuwaka haraka zaidi. Kuanzia hapo mtutu wa sentimita 75 hadi 80 ulitosha. Mitutu ilipokuwa mifupi na myepesi, iliwezekana kuunganisha miwili sambamba bila bunduki kuwa mzigo. Manton alianza kujitegemea miaka michache tu baada ya badiliko hilo.

## Karakana

Bunduki ya daraja la juu haikuwa kazi ya mtu mmoja. Kulikuwa na fundi wa mitutu, fundi wa mitambo, fundi wa mbao, mchora nakshi na mkamilishaji, na kila mmoja alikaa miaka mingi katika kazi yake moja. Kazi ya mwenye karakana ilikuwa kubuni, kusimamia na kukataa kile kisichofaa. Jina lililoandikwa juu ya bunduki lilikuwa dhamana yake kwamba kila sehemu imepita machoni pake.

Miongoni mwa waliomtengenezea Manton mitutu alikuwamo Charles Lancaster, ambaye baadaye alifungua biashara yake mwenyewe. James Purdey alijiunga na karakana mwaka 1805 akakaa miaka mitatu. William Boss alifanya kazi humo, na mwanawe Thomas alijifunzia ufundi humohumo.

Manton alikuwa pia na ukumbi wa kulengea shabaha huko Davies Street, ambako waungwana walifanya mazoezi ya bastola. Mshairi Lord Byron alikuwa mmoja wa waliofika hapo. Mbali na bunduki za kuwindia, karakana ilitengeneza bastola za dueli, yaani mapigano ya heshima kati ya watu wawili, ambayo yalikuwa bado yakifanyika ingawa yalikatazwa na sheria.

## Sifa za bunduki zake

### Mitutu

Mitutu bora ya wakati ule haikutengenezwa kwa bomba la chuma kitupu. Mafundi walikusanya misumari chakavu ya viatu vya farasi, ambayo chuma chake kilikuwa kimefuliwa mara nyingi hadi kikawa laini na kigumu kupasuka. Misumari hiyo ilipashwa moto na kufuliwa kuwa ukanda mmoja, kisha ukanda ukazungushwa juu ya fimbo ya chuma na kuunganishwa kwa nyundo. Mtutu uliotokea ulikuwa mwembamba lakini imara, na baada ya kutiwa rangi ya kahawia ulionyesha mistari ya kuzunguka. Wengi huidhani mistari hiyo kuwa pambo, lakini ni alama tu ya namna chuma kilivyofuliwa.

Mtutu ulipaswa kuwa mnene nyuma, mahali pa mlipuko, na kupungua unene kuelekea mdomoni. Fundi aliupunguza kwa tupa, akipima kwa macho na vidole. Akiondoa chuma kidogo mno, bunduki ilikuwa nzito upande wa mbele. Akiondoa kingi mno, mtutu ungeweza kupasuka usoni mwa mwindaji. Kwa sababu hiyo mitutu ilipimwa kwa kulipua baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Mjini London upimaji huo ulisimamiwa na chama cha mafundi wa bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637, na tangu mwaka 1813 sheria ya Bunge iliwalazimisha mafundi wote wa Uingereza kupimisha mitutu yao.

Kazi ngumu zaidi katika bunduki ya mitutu miwili ni kuiunganisha mitutu yenyewe. Mitutu miwili ikilazwa sambamba kabisa, kila mmoja hupeleka marisaa upande wake, kwa sababu bunduki hugeuka kidogo wakati wa mlipuko. Fundi huielekeza ikaribiane kidogo kuelekea mbele, ili yote miwili ipige mahali pamoja kwa umbali wa kawaida wa kuwinda, yaani mita 35 hadi 40 hivi. Kosa dogo la pembe halionekani kwa macho dukani. Huonekana tu wakati mtutu wa kulia unapopiga na wa kushoto unapokosa.

### Mtambo

Ndani ya mtambo kuna springi kubwa, gurudumu dogo linalogeuka pamoja na nyundo, na kidole cha chuma kinachoingia katika tindi za gurudumu hilo mpaka kifyatuo kikiondoe. Katika mitambo ya Manton sehemu hizo ziling'arishwa hata pale ambapo mteja asingeona kamwe. Sababu haikuwa uzuri. Chuma kilichosuguliwa sawasawa hakikwami, na mtambo usiokwama huwasha moto kwa muda uleule kila mara. Mwindaji anaweza kuzoea kuchelewa kulikokuwa sawa siku zote, lakini hawezi kuzoea kuchelewa kunakobadilikabadilika.

Tundu la kupitisha moto lilizungushiwa dhahabu au platini. Hata hapo madini ya thamani yaliwekwa kwa kazi maalumu. Chuma cha kawaida kililiwa na moto na masizi ya baruti, tundu likapanuka na nguvu ikapotea. Dhahabu na platini hazishiki kutu, kwa hiyo tundu lilibaki na kipimo chake kwa miaka mingi.

### Mbao na mizani

Vitako vilitengenezwa kwa mti wa mjozi, ambao ni mgumu, haupasuki ovyo na hunyonya mafuta vizuri. Fundi wa mbao alipaka chuma masizi, akakibana kwenye mbao, akatoa, kisha akachonga pale tu palipobaki alama nyeusi. Alirudia hivyo mara nyingi hadi chuma na mbao vikagusana kila mahali. Mtambo uliokaa hivyo haukuruhusu maji na masizi kuingia, na mshindo wa mlipuko uligawanyika badala ya kupasua mbao mahali pamoja.

Kitako kilipaswa pia kufuata mwili wa mteja: urefu wa mkono, upana wa bega na namna shavu linavyokaa. Bunduki ya marisaa hailengwi polepole kama bunduki ya risasi moja. Hupandishwa begani kwa haraka wakati macho yanamfuata ndege. Ikiwa kitako hakimfai mwenyewe, mitutu haielekei pale macho yanapotazama, na hakuna nakshi inayoweza kusahihisha kosa hilo.

Uzito wa bunduki ya kawaida ya aina hii ulikuwa kilogramu 3 hivi. Hata hivyo bunduki mbili zenye uzito mmoja zinaweza kuhisiwa tofauti kabisa. Uzito ukiwa katikati, kati ya mikono miwili, bunduki hugeuka kwa wepesi na kusimama pale inapotakiwa. Uzito ukiwa mbele au nyuma, mikono huchoka na bunduki huchelewa kumfuata ndege. Mizani hiyo ndiyo wawindaji wa wakati ule walioisifu zaidi katika kazi za Manton.

### Nakshi

Wakati Manton alipokuwa akifanya kazi, mafundi wengine wa Ulaya walifuata njia tofauti. Mfano mkubwa ni Nicolas-Noël Boutet (1761–1833), mkuu wa kiwanda cha silaha cha Versailles nchini Ufaransa. Boutet alitengeneza bunduki na bastola za zawadi zilizojaa dhahabu, fedha na sanamu za kuchongwa, nyingi zikitolewa na serikali ya Napoleon kwa majenerali na watawala. Boutet alikuwa fundi hodari, na silaha zake zilifanya kazi yake, ambayo ilikuwa kuonyesha heshima ya mtoaji na mpokeaji.

Bunduki ya Manton ilikusudiwa kubebwa shambani siku nzima, katika mvua na matope. Nakshi zake zilikuwa chache: mistari myembamba ya kujipindapinda kwenye bamba la mtambo na vichwa vya skrubu, mihuri midogo ya dhahabu yenye jina lake juu ya mitutu, na michoro ya vimraba mahali pa kushikia. Vimraba hivyo huzuia mkono kuteleza. Rangi ya kahawia ya mitutu ilizuia mng'aro wa jua usimsumbue mwindaji wala kuwashtua ndege. Sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kama pambo kilikuwa na kazi.

Tofauti hiyo haikumaanisha kwamba bunduki za Manton zilikuwa rahisi kwa bei. Zilikuwa miongoni mwa bunduki ghali zaidi mjini London. Mteja alilipia saa nyingi za tupa, msasa na vipimo ambazo mtazamaji asiyejua asingeweza kuziona.

## Uvumbuzi

Manton alipata hataza kadhaa katika maisha yake. Maarufu zaidi ni ile ya mwaka 1806 iliyohusu ukanda wa chuma ulioinuliwa kati ya mitutu miwili. Ukanda huo ulikuwa juu zaidi upande wa nyuma kuliko upande wa mdomo. Mtu alipotazama juu yake, mitutu ilielekea juu kidogo kuliko mstari wa macho, na marisaa yakaenda juu zaidi. Wapigaji wengi hukosa kwa kupiga chini ya ndege anayepaa, kwa hiyo ukanda huo ulisahihisha kosa lao. Pia uliyapa macho mstari mmoja ulionyooka wa kufuata badala ya mitutu miwili ya mviringo. Bunduki za mitutu miwili za siku hizi bado zina ukanda kati ya mitutu.

Uvumbuzi mwingine ulihusu usalama. Mwindaji aliyekuwa amepiga mtutu mmoja tu alisimamisha bunduki kitako chini na kuujaza upya, huku mkono wake ukiwa juu ya midomo ya mitutu yote miwili. Ikiwa nyundo ya mtutu wa pili ilikuwa bado imeinuliwa, mtikisiko ungeweza kuifyatua na kumwondolea vidole au maisha. Manton aliweka kando ya mtambo vizuizi vidogo vyenye uzito. Bunduki ilipoinuliwa wima, vizuizi vilianguka kwa uzito wao na kuizuia nyundo. Ilipolazwa tena kwa ajili ya kupiga, viliachia. Mwindaji hakuhitaji kukumbuka kufanya lolote.

Manton alishughulika pia na mizinga. Alibuni namna ya kufunga kikombe cha mbao nyuma ya risasi ya mzinga ili ikae sawasawa katika mtutu wenye mikunjo ya ndani. Alitaka serikali inunue uvumbuzi huo kwa fedha nyingi, lakini hawakukubaliana. Mzozo huo ulimgharimu muda na mali.

## Kesi za hataza

Hataza ilimpa mvumbuzi haki ya pekee kwa miaka 14, lakini ilimlazimu kuitetea mwenyewe mahakamani. Manton alifanya hivyo mara kadhaa, na hakushinda kila mara. Mwaka 1814 alimshtaki William Parker, fundi mwingine wa London, kuhusu bamba la cheche lenye tundu dogo ambalo hataza ilisema lingepitisha hewa bila kupitisha baruti. Ilipoonekana kwamba baruti nayo ilipita, dai lake lilishindwa. Mwaka uliofuata alifika mahakamani dhidi ya kaka yake mwenyewe, John.

Pigo kubwa lilitoka upande mwingine. Mwaka 1807 Alexander John Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Uskoti, alipata hataza ya kuwasha bunduki kwa kemikali zinazolipuka zikigongwa. Forsyth alikuwa mwindaji wa bata, na alikuwa ameona kwamba ndege walishtuka kwa mwako wa baruti ya kisahani kabla marisaa hayajawafikia. Njia yake iliondoa kisahani na cheche za nje, na moto ukawa wa haraka zaidi.

Manton alitambua umuhimu wa njia hiyo. Mwaka 1816 alipata hataza ya mtambo uliotumia kidonge kidogo cha kemikali hizo, kilichowekwa katika kichwa cha nyundo. Forsyth alimshtaki, na mahakama ikaamua kwamba Manton ameingilia haki zake, kwa kuwa hataza ya Forsyth ilihusu wazo lenyewe la kulipua kwa kugonga. Mwaka 1818 Manton alileta njia nyingine, yenye kijibomba chembamba cha shaba kilichojazwa kemikali na kuingizwa katika tundu la moto. Ilifanya kazi vizuri na ilipendwa na wawindaji, hasa wa ndege wa majini.

Njia iliyoenea mwishowe ilikuwa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya chuchu ya chuma. Watu kadhaa walidai kuwa wa kwanza kuibuni. Katika Kiswahili majina ya bunduki ya gumegume na bunduki ya fataki yamehifadhi mgawanyiko huo wa nyakati, kwa kuwa bunduki za aina zote mbili zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara katika karne ya 19.

Kwa Manton badiliko hilo lilikuwa na pande mbili. Alikuwa ameifikisha bunduki ya gumegume karibu na kikomo cha ubora wake, na katika muda wa miaka michache ujuzi huo ukawa wa zamani. Lakini mizani, mitutu na vitako havikuhitaji kubadilika. Bunduki nyingi za Manton zilirudishwa karakana zikabadilishwa kuwa za fataki, zikaendelea kutumika.

## Kufilisika na kifo

Mwaka 1819 hivi Manton alihamia Hanover Square, mahali pa gharama kubwa zaidi, na baadaye Oxford Street. Gharama za majaribio na za mahakama zilikuwa zimelundikana. Mwanzoni mwa mwaka 1826 alitangazwa kuwa amefilisika. Joseph Lang alinunua bunduki zilizobaki katika akiba yake, na James Purdey, aliyekuwa mfanyakazi wake, akachukua jengo lake la Oxford Street.

Hali ya kaka yake ilikuwa tofauti. Bunduki za John Manton zilikuwa za ubora unaokaribiana sana na za Joseph, na watu wengine walizipenda zaidi. John hakufuata hataza na kesi kwa kiasi kilekile. Biashara yake ya Dover Street ilibaki imara, na alipofariki mwaka 1834 iliendelea mikononi mwa mwanawe, George Henry Manton. Kwa hiyo anguko la Joseph halikutokana na udhaifu wa kazi wala na ukosefu wa wanunuzi. Lilitokana na fedha zilizotumika nje ya benchi la kazi.

Joseph aliendelea kutengeneza bunduki kwa kiasi kidogo, na mwishoni alifanya kazi pamoja na mwanawe. Alifariki tarehe 29 Juni 1835 huko Maida Hill, London, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green. Maneno ya kumbukumbu juu ya kaburi lake yaliandikwa na Kanali Peter Hawker, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha uwindaji kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1814, ambaye alikuwa mteja na rafiki yake kwa miaka mingi.

## Waliotoka katika karakana yake

* James Purdey (1784–1863) alifungua duka lake mwaka 1814. Alikiri kwamba bila Manton mafundi wa bunduki wa London wangebaki kuwa wahunzi wa kawaida tu. Kampuni ya Purdey bado inatengeneza bunduki mjini London.
* Thomas Boss alikuwa mwanzilishi wa Boss & Co., kampuni iliyojulikana kwa kutengeneza bunduki za daraja moja tu, lile la juu.
* William Greener alirudi Newcastle na kufungua karakana yake mwaka 1829. Aliandika pia vitabu kuhusu bunduki, na mwanawe William Wellington Greener aliendeleza kazi hiyo Birmingham.
* Charles Lancaster, fundi wa mitutu, alifungua duka lake mwenyewe mwaka 1826, mwaka uleule Manton alipofilisika.

## Bunduki bandia

Umaarufu wa Manton ulileta tatizo ambalo wakusanyaji bado wanakutana nalo. Mafundi wa bei nafuu waliandika jina lake, au jina linalofanana nalo, juu ya bunduki zisizotoka kwake. Nyingi zilikuwa na nakshi nyingi kuliko bunduki halisi, kwa kuwa nakshi ya haraka ilikuwa rahisi kuongezwa na ilimvutia mnunuzi asiyejua.

Wachunguzi hutambua bunduki halisi kwa mambo mengine: nambari ya mfululizo, anwani ya duka inayolingana na nambari hiyo, alama za upimaji, na hasa kazi ya ndani. Mtambo hufunguliwa na kutazamwa kama sehemu zake zimesuguliwa sawa, na kama mbao zinaushika mtambo bila nafasi. Jina na michoro vinaweza kuigwa kwa siku moja. Kazi hiyo ya ndani ni ngumu kuigwa kwa gharama ndogo.

## Urithi

Baada ya Manton bunduki ya mitutu miwili ilibadilika sana kiufundi. Katika miaka ya 1850 mafundi wa Uingereza, akiwemo Joseph Lang, walianza kutengeneza bunduki zinazokunjika katikati na kujazwa kwa nyuma, kufuatia uvumbuzi wa Mfaransa Casimir Lefaucheux. Baadaye nyundo za nje ziliondolewa, na chuma kilichozungushwa kikaachwa kwa ajili ya chuma cha pua. Mdeki, gumegume na fataki vyote vilitoweka katika uwindaji wa kawaida.

Hata hivyo vipimo vilivyotumika katika karakana ya Davies Street bado vinatumika kuihukumu bunduki bora ya mitutu miwili: mitutu inayopiga mahali pamoja, kifyatuo kisichobadilika, kitako kinachomfaa mwenyewe, na uzito uliokaa kati ya mikono. Nakshi huhesabiwa mwisho, na bei yake huandikwa kando.

Bunduki za Joseph Manton zimehifadhiwa katika mikusanyo ya watu binafsi na katika majumba ya makumbusho, likiwemo Royal Armouries la Uingereza.